Tulipomtafutia Tangawizi Dume

Langley Park, Maryland
Juni 1998

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba kwa sauti yako ile ya kutoka kifuani, na Masanja anayekusomea barua hii atangoja mpaka umalize. Habari za hapo nyumbani? Goti lako je, bado linakusumbua asubuhi? Na Mama, presha yake inaendeleaje, na zile dawa nilizompa dada wa ubalozini azilete zilifika? Nimesikia kwamba mvua za El Nino ziliondoka na daraja, na kwamba ng'ombe wawili walizama kwenye tope la mtoni. Nimesikitika sana. Niandikie ni ng'ombe gani hao, maana siku ile ya simu kadi iliisha Masanja akiwa ndiyo kwanza anakohoa ili aanze kuzungumza.

Mimi sijambo. Kazi ni ile ile, kwa Bi Lorna, yule bibi niliyekuandikia kwamba alivunjika nyonga akishuka ngazi ya jikoni kwake. Nalala kwake Jumatatu mpaka Ijumaa, huko mashambani kupita Oxon Hill, mahali ambapo mabasi hayafiki na kila nyumba ina sanduku lake la barua kando ya barabara. Jumamosi narudi hapa Langley Park, kwenye chumba tunachopanga mimi na Wanjiru, Mkenya wa Nyeri, ambaye ni mtu mwema ila anapika maharage bila nazi na hataki kufundishwa.

Leo sikuandikii shida. Shida zipo, zitasubiri zamu yao. Nakuandikia jambo lililonijaa tangu mwezi wa nne, na kila lilipozidi nilitamani uwe umesimama karibu yangu, kwa sababu huku sina mtu ambaye angeliona kama utakavyoliona wewe. Tumemtafutia farasi dume, Baba, na aliyeulizwa ushauri ni mimi binti yako.

Nianze na huyo farasi. Bi Lorna ana farasi mmoja tu, jike, rangi yake kama udongo wa kichuguu. Jina lake ni Ginger. Mimi namwita Tangawizi, na anaitika. Nilipofika hapa mara ya kwanza niliuliza huyu mnyama anafanya kazi gani, kama analima au anavuta mkokoteni, nikaambiwa halimi wala havuti kitu. Kazi yake ni kuzunguka mapipa. Nilinyamaza kwa adabu, lakini moyoni nilisema wenzetu hawa wameshiba.

Basi mwaka jana, mwezi wa kumi, wakanichukua nikaone. Ni uwanja wa mchanga, na ndani yake wameweka mapipa matatu matupu, kama yale ya mafuta ya taa, yamekaa mfano wa mafiga. Farasi anaingia mbio na mtu mgongoni, anazunguka pipa la kwanza, la pili, la tatu, kisha anatoka kama anayekimbia moto. Pipa likianguka mnaongezewa muda na mmekwisha. Aliyempanda Tangawizi siku ile alikuwa Carla, mpwa wa Bi Lorna, msichana wa benki ya Wheaton, ambako siku hizi hawana mazungumzo mengine ila kompyuta zitafanya nini mwaka elfu mbili ukiingia. Nilidhani nitaona mchezo. Baba, mwili ule mkubwa, mzito kuliko dume letu la jembe, uliinama mpaka goti la Carla likakaribia mchanga, ukalizunguka pipa bila kuligusa, nikahisi ardhi inatikisika chini ya viatu vyangu. Kuanzia kuingia hadi kutoka, ungesema Baba Yetu Uliye Mbinguni na hujafika kwenye mkate wetu wa kila siku. Nilisimama mdomo wazi. Bi Lorna kwenye kiti chake cha magurudumu alinitazama mimi badala ya kumtazama farasi, akacheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa mbio ya mwisho ya Tangawizi. Mguu ulivimba, daktari wa mifugo akasema basi. Ana miaka kumi na saba, na hajawahi kuzaa. Ndipo nilipojua mzigo aliokuwa nao Bi Lorna. Alipokuwa msichana, baba yake alimpa farasi jike, naye akazunguka naye mapipa mpaka nywele zikaanza mvi. Yule jike alizaa jike, naye akazaa jike, naye akamzaa Tangawizi. Wengine wote wamekufa au wameuzwa mbali. Tangawizi akifa bila mtoto, ukoo ule umezimika. Daktari alimwambia ajaribu majira haya ya kuchipua, haya tu, kwa sababu kizazi cha farasi mwenye umri ule hakingoji. Na pensheni ya Bi Lorna ingetosha kulipia dume mmoja wa bei ya chini, mara moja.

Wewe unajua ng'ombe wa ukoo ni nini, kwa hiyo hapo sikuelezi zaidi.

Jioni tukawa tunakaa mezani na gazeti la madume. Ndiyo, lipo gazeti zima, kurasa nzuri za kung'aa, kila dume na picha yake amesimama kama bwana harusi. Chini ya picha wameandika baba yake, babu yake, na babu wa babu yake, matawi yanapanda mpaka vizazi vitano. Mimi babu wa babu yangu namjua jina tu, na hilo nalo ni kwa sababu ulinichapa ili nilishike. Kuna wengine wanakuletea kanda ya video ukitaka, umwone dume akikimbia. Na la kushangaza kuliko yote, dume mwenyewe hatoki kwao. Anakaa Texas, na mbegu yake inatiwa kwenye sanduku lenye barafu, inapanda ndege, kesho yake iko mlangoni kwako. Nilimwomba Carla anieleze mara mbili. Aliponieleza mara ya pili nilikaa chini. Nilifikiri jinsi ulivyotembea siku nne kwenda na kurudi Meatu kumfuata dume wa mzee Ngassa, na hawa dume wao anapita mawinguni ndani ya sanduku.

Lakini bei ya wale wa gazetini ilikuwa ya matajiri, na daktari akasema mbegu iliyosafiri kwenye barafu mara nyingi haishiki kwa jike mzee. Afadhali apelekwe kwa dume aliye karibu. Carla akampata mmoja huko Virginia, kijana, shingo imekunjika vizuri, manyoya kama hariri, na bei yake nafuu kwa sababu bado hana watoto wanaokimbia. Carla alikuwa amekwisha kumpenda. Ndipo Bi Lorna aliponigeukia akasema, "Kabula, baba yako anafuga. Yeye angefanyaje?"

Nilisema ukweli. Nilisema, "Baba yangu hamwangalii dume. Anaomba aonyeshwe mama yake."

Carla alicheka kidogo, maana kwenye gazeti lile jina la mama limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Bi Lorna hakucheka. Alisema hata wao, zamani, wanawake wazee wa mapipa walikuwa wakisema mbio hutoka kwa baba, lakini akili na moyo wa kugeuka hutoka kwa mama. Akampigia mtu wa Virginia kumuuliza mama wa yule kijana yuko wapi. Aliuzwa zamani, hajulikani aliko, na kwa nini aliuzwa mtu yule hakutaka kusema. Mambo ya Virginia yakaishia hapo, na Carla alinuna siku tatu.

Dume wa pili tulimsikia kutoka kwa daktari. Yuko kusini huku huku Maryland, kwa mzee mmoja Mmarekani mweusi anayeitwa Mzee Otis, mkulima wa tumbaku. Dume wake hayumo gazetini. Watoto wake wamezunguka mapipa kwenye viwanja vidogo vya vijijini na wamefanya vizuri, na ada yake tungeimudu. Tulikwenda Jumamosi moja, sisi watatu, kwa gari la Carla. Banda la kukaushia tumbaku limesimama pale refu na jeusi, mbao zake zina nafasi ili upepo upite, na harufu yake ilinikumbusha Tabora.

Mzee Otis akamtoa dume nje kwa kamba. Baba, sijui nikuambieje. Hakuwa mzuri wa picha. Mfupi, mweusi wa kahawia, kifua kipana, kichwa cha kawaida. Lakini alipotembea, kwato zake za nyuma zilikanyaga mbele kabisa ya alama za kwato za mbele, bila haraka, na macho yake yalikuwa yametulia kama ya mtu aliyekula akashiba. Nilimwona dume, dume hasa, na nilijua nimemwona.

Mzee Otis akanitazama, akauliza, "Unamwonaje?"

Na mimi, kwa vile alikuwa amenishinda kabisa, nikafanya kama nilivyolelewa. Niligeuza uso pembeni nikasema ni wa kawaida tu, miguu mifupi, tumewaona wengi. Wewe ungeelewa mara moja. Ungefurahi, ungeita watoto walete maziwa, kwa sababu mgeni anayeponda mfugo wako mbele yako ni mgeni asiye na jicho baya. Anayesifu ndiye wa kumwangalia mara mbili mbili. Mdomo wangu ulisema hivyo kabla kichwa hakijakumbuka niko wapi.

Mzee Otis alivuta kamba. Alimgeuza dume, akamrudisha bandani, akafunga mlango. Kisha akamwambia Bi Lorna kwa upole kwamba dume huyu hatawafaa, wakatafute kwingine, na akatutakia safari njema. Carla aliwasha gari. Mimi nyuma nilikuwa nimebana mikono mapajani kama mtoto aliyevunja mtungi.

Tulikwenda mwendo mrefu. Halafu Bi Lorna, bila kugeuka, akasema, "Sina dume mwingine, Kabula. Na sina mwaka mwingine." Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Nilirudi Langley Park nikamweleza Wanjiru, nikidhani atanihurumia. Akasema, "Wewe nawe, si ungesema tu ni fine? Hawa watu ukiwaambia kitu, wanaamini ndiyo hiyo." Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Kesho yake, baada ya kanisa, niliomba namba kwa Carla nikampigia Mzee Otis mwenyewe. Kiingereza changu unakijua, siku nikiogopa kinakimbia kama kuku. Nilimwambia mimi ni yule mwanamke wa jana. Nikamwambia kwetu tunafuga, na mnyama akiwa mzuri mno hatumsifu mbele ya mwenyewe, tunamponda, ili lisimpate baya. Nikamwambia dume wako nilimponda kwa sababu sijawahi kuona kama yule, na kama kuna adhabu aniadhibu mimi, yule bibi hana kosa.

Kisha akasema, taratibu, "Bibi yangu alikuwa hivyo. Mtoto akizaliwa, mtu akisema ni mzuri, bibi alimpokonya akasema, huyu? Huyu mbaya kama chura. Mama yangu alikuwa analia. Hatukujua bibi alilipata wapi jambo lile. Yeye mwenyewe alisema aliliona kwa bibi yake."

Baba, nilishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Fikiria. Watu waliochukuliwa na kuvushwa bahari miaka ile yote, majina yao yakapotea, lugha ikapotea, vijiji havijulikani, na hili dogo, la kumficha mtoto kwa kumwita chura, lilivuka nao likaishi, mkono kwa mkono, bibi kwa mjukuu, mpaka kwenye shamba la tumbaku. Na mimi nimelitoa Usukumani kwa ndege, nikalitamka pale nje ya banda lake, na hakulitambua mpaka nilipolieleza. Mwishowe Mzee Otis akasema mwambie Lorna arudi Jumapili ijayo, na wewe uje, nikuonyeshe mama yake.

Yaani mama wa dume yupo, mzima, anakula nyasi nyuma ya nyumba. Na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilitaka.

Jumapili ile tulimkuta amesimama peke yake malishoni, jike mzee wa miaka ishirini na sita, mashavu yameingia, mgongo umeshuka. Mzee Otis alisema amezaa mara tisa na hajawahi kuchechemea. Nilimwomba ruhusa nikamkagua kama unavyokagua wewe. Nilipitisha mkono miguuni kutoka juu hadi kwato, sikusikia uvimbe. Nilimtazama macho, nikamtazama chuchu, nikasimama nyuma yake kuona anavyokanyaga. Wakati huo mbwa wa Mzee Otis akachomoka kwenye majani upande wa kushoto. Yule bibi kizee wa farasi hakuruka wala hakukimbia. Alikaa juu ya mguu mmoja wa nyuma, mwili wote ukazunguka juu ya mguu ule, akawa amemkabili mbwa kabla sijavuta pumzi. Ule ule mzunguko wa pipa, na hakuna aliyewahi kumfundisha mapipa. Carla, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajanisemesha, alinishika mkono. Bi Lorna akamwambia Mzee Otis, "Tunamchukua mwanawe."

Nilimwambia Mzee Otis, kwa utani, kwamba kwetu jirani halipishi dume lake, unapeleka pombe basi. Alicheka, akasema ujirani wetu una bahari katikati, kwa hiyo ada ibaki. Lakini alikubali kwamba kama hapatakuwa na mtoto, dume atamrudia jike bure. Tulijua sote kwamba hapatakuwa na kurudia.

Tangawizi alipoingia kwenye joto, mwanzoni mwa mwezi wa tano, tulimpeleka. Hapa Masanja aruke mistari, na kwa vile wewe ni baba yangu siandiki mengi. Nitasema tu kwamba yule dume alikuja kwa heshima, na kwamba Mzee Otis alivua kofia.

Siku ya kumi na sita daktari alikuja na mashine yake ya kupiga picha za tumboni, ndogo, imebebwa kama redio. Kwenye kioo tukaona kiduara cheusi, kadiri ya zambarau. Nilianza kushangilia, daktari akanizuia. Alisema kwa jike mzee vingi vya namna hii hupotea, tusubiri, atarudi baada ya siku kumi na mbili. Baba, siku zile kumi na mbili Bi Lorna hakula vizuri. Kila asubuhi niliyokuwa kwake alinitaka nimsukume na kiti chake mpaka uani, akakaa akimtazama Tangawizi akila, kana kwamba kumtazama kungeshikilia kitu ndani. Mimi niliomba, tena niliomba kwa Kisukuma, nikiona Kiswahili kinachelewa.

Alhamisi iliyopita daktari alirudi. Carla alishika kichwa cha Tangawizi, mimi nilimsogeza Bi Lorna karibu na kioo. Mwanzoni ni ukungu tu, kijivu kinatembea. Kisha daktari akasimamisha mkono, akaonyesha kwa kidole bila kusema. Ndani ya kile cheusi kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya harage, na katikati ya punje kitu kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima, upesi upesi. Ulikuwa moyo. Hakuna miguu bado, hakuna kichwa cha kusema hiki ni kichwa, lakini moyo umeshaanza kazi. Wale majike wanne, na dume mwenye macho yaliyotulia, na yule kizee wa malishoni na mguu wake mmoja, wote wamo mle ndani ya kitu ambacho ningekifunika kwa ukucha. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye majani makavu, kama tunavyopiga magoti mbele ya wakubwa. Carla alidhani nimeanguka. Bi Lorna hakudhani hivyo. Aliweka mkono wake kichwani kwangu, tukabaki hivyo tukikitazama kioo, mpaka daktari akasema betri inaisha.

Sasa Baba, nina neno gumu na silifichi. Farasi hubeba miezi kumi na moja. Mtoto huyu atazaliwa mwezi wa nne mwakani, Mungu akipenda. Bi Lorna ameniuliza kama nitakuwepo. Alisema hamwamini mtu mwingine kukaa na Tangawizi siku ile, na kwamba mimi ndiye niliyemtafutia mtoto. Nami nilikuahidi kwamba Krismasi hii nitakuwa nyumbani, na najua umekwisha kuhesabu Krismasi tatu bila mimi. Sikumjibu. Nilimwambia nitamuuliza Baba kwanza.

Nisalimie Mama, mwambie nimenenepa na asiamini picha. Nisalimie kaka Masanja msomaji, na mkewe Ng'wasi, na huyo mwanao wa mwisho Luhende, aache kuwapanda ndama, si farasi. Shangazi Nkwimba mwambie kitenge chake nimekiona Langley Park, kwenye duka la Mnaijeria, kimepanda bei. Wazee wote wa kanisani, na mzee Ngassa wa Meatu, msalimie kwa ajili ya dume lake.

Jibu la neno langu lisiandikwe na Masanja kwa busara zake. Mwambie aandike maneno yako tu, jinsi utakavyoyatamka, hata yakiwa mawili. Ukisema njoo, nitamwachia kamba Carla na nitakuja, wala hutaniona nikinung'unika. Ukisema kaa, nitakaa mpaka nimwone amesimama kwa miguu yake minne ananyonya, kisha nitapanda ndege nije nikueleze kwa mdomo.

Mimi binti yako ninayekuheshimu,
Kabula